Mgonjwa na Aseme, Tabibu na Asitiri

Miongoni mwa maswali ambayo mgonjwa huulizwa katika siku zinazotangulia kupasuliwa kwake, sidhani kama liko moja linalojibiwa kwa haraka zaidi, na kwa ukweli mchache zaidi, kuliko lile la kutaka kujua iwapo hutumia pombe, tumbaku, bangi, mirungi au unga. Akiulizwa jina, hulitaja. Akiulizwa umri, hukadiria. Akiulizwa kama amepata kupasuliwa zamani, hufunua nguo akaonyesha kovu. Lakini lifikapo swali hilo, aghalabu jibu huwa ni hapana, nalo hutoka hata kabla muulizaji hajaikamilisha kauli yake. Neno hilo huandikwa katika faili, faili hufungwa, na asubuhi yake mgonjwa husukumwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji, hali ya kuwa mtu atakayeidhamini pumzi yake na mapigo ya moyo wake kwa saa nzima au zaidi amepewa habari isiyokuwa ya kweli, akaiamini, na juu yake akapanga dawa na vipimo vyake.

Rai yangu katika jambo hili ina pande mbili, na msomaji namwomba asiushike mmoja akauacha wa pili. Upande wa kwanza ni kwamba mgonjwa anayetarajia kupasuliwa yampasa kumweleza daktari wake, na hasa daktari wa usingizi, kila kileo na kila dawa aitumiayo, iwe halali au haramu mbele ya sheria, iwe ya fahari au ya aibu mbele ya watu. Upande wa pili ni kwamba ukweli huo ni amana, na hospitali isiyoandaa mahali pa kuipokea amana hiyo haina haki ya kumlaumu mgonjwa aliyeizuia nafsini mwake. Upande wa kwanza husemwa mara nyingi, tena kwa ukali. Wa pili husahauliwa, ilhali huo ndio unaouwezesha ule wa kwanza kutimia.

Na tuanze na sababu, kwa kuwa amri isiyo na sababu haimwingii mtu mzima. Watu wengi hudhani kwamba nusukaputi ni usingizi kama ule wa usiku, ila ni mzito zaidi, na kwamba kazi ya anayeitoa humalizika pale mgonjwa anapofumba macho. Sivyo. Mtu aliyelazwa kwa dawa hizo hupotewa na fahamu, na pamoja na fahamu hupotewa na nguvu ya kukohoa, ya kumeza, na mara nyingi hata ya kuvuta pumzi kwa nafsi yake; shinikizo la damu hushuka, moyo hubadili mwendo, joto la mwili hupungua; na tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho yuko mtu aliyesimama kichwani pake, akiongeza hiki na kupunguza kile, ili mwili ule usivuke mpaka ulio baina ya kulala na kufa. Vipimo anavyovitumia huhesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, umri wake, maradhi yake, na vitu vingine vilivyokwisha kuwamo damuni mwake. Mtu huyo ni mithili ya nahodha aliyekabidhiwa chombo kilichopakiwa shehena na wengine: hawezi kujua atweke tanga kiasi gani, wala apite mkondo gani, asipoambiwa ni kitu gani kimo ngamani na uzito wake ni kadiri gani.

Chukua mirungi, ambayo wengi wa watu wa pwani hawaioni kuwa ni kitu cha kutajwa kwa daktari, kwa kuwa ni majani tu, hutafunwa barazani mbele ya watu, na hayamwangushi mtu njiani kama pombe. Majani hayo yanayovunwa katika vilima vya Nyambene huko Meru hukimbizwa sokoni kwa magari ya mbio na kwa ndege kwa sababu moja, nayo ni kwamba nguvu iliyomo, iitwayo kathinoni, hupungua sana baada ya kiasi cha siku mbili tangu kuchumwa. Kathinoni ni jamaa wa karibu wa amfetamini: huutia moyo mbio, hupandisha shinikizo la damu, huondoa usingizi na njaa, na hulichelewesha tumbo kumwaga chakula chake. Basi mtazame mtu aliyetafuna usiku kucha ili aisahau hofu ya kisu, akahesabiwa alfajiri kwamba ametimiza saa sita bila kula, wakaamini yeye na wauguzi wake kwamba tumbo lake ni tupu. Huenda si tupu, na kilichomo huweza kupanda kooni wakati hana nguvu ya kukohoa, kikateremkia mapafuni. Mtazame tena akipewa halotheni, dawa ya kuvuta ambayo nchi tajiri zimekwisha kuiacha lakini imedumu kwa muda mrefu katika hospitali nyingi za Afrika kwa sababu ya unafuu wa bei yake, nayo ina tabia ya kuufanya moyo uwe mwepesi wa kushtuliwa na adrenalini. Au akipewa ketamini, ambayo yenyewe hupandisha mapigo na shinikizo. Moyo uliokwisha kuhimizwa na majani huhimizwa mara ya pili na dawa, na daktari asiyeijua sababu ya kwanza hutafuta kwa papara sababu ya pili ambayo haipo.

Hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwenye insafu. Nchini Kenya mirungi ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, na serikali huwasimamia wakulima wake. Nchini Tanzania ni dawa ya kulevya iliyoharamishwa, na mwenye kukutwa nayo hushtakiwa. Mtu akivuka mpaka kutoka Lungalunga kwenda Horohoro, kile alichokuwa akikinunua kama mteja humgeuza kuwa mtuhumiwa kwa mwendo wa dakika chache. Lakini damu yake ni ile ile, moyo wake ni ule ule, na dawa ya usingizi haitamuuliza alitafunia upande gani. Vivyo hivyo pombe na tumbaku, ambazo ni halali katika maduka ya nchi zote mbili, hudhuru juu ya meza ya upasuaji sawa na vile vilivyoharamishwa. Kwa hiyo swali la tabibu na swali la askari, hata yakifanana kwa maneno, ni maswali mawili mbali mbali: mmoja ataka kujua nani avunjaye sheria, na mwingine ataka kujua dawa gani itamuua mtu huyu na dawa gani itamponya.

Bangi nayo ina mambo yake. Huko Colorado, jimbo la Marekani ambako bangi imehalalishwa, ulichapishwa mwaka 2019 uchunguzi wa wagonjwa 250 waliotulizwa kwa dawa ili matumbo yao yatazamwe kwa kamera. Waliokuwa na mazoea ya bangi walikuwa 25, na ikaonekana kwamba hao walihitaji dawa ya propofoli zaidi kwa asilimia 220 kuliko wenzao wasioitumia, midazolamu zaidi kwa asilimia 20, na fentanili zaidi kwa asilimia 14. Uchunguzi huo ni mdogo, wala hesabu zake haziwi sheria kwa kila mwili. Hata hivyo zinaonyesha wazi kwamba kipimo kimtoshacho mtu mmoja hakimtoshi mwingine, na kwamba tofauti hiyo haionekani usoni. Daktari asiyejua humpa mgonjwa kipimo cha kawaida, akamwona bado anajitikisa, akaongeza kidogo kidogo kwa kubahatisha, na kila nyongeza ya kubahatisha ina hatari ya kuikata pumzi au kuliangusha shinikizo la damu. Tena moshi wenyewe hulichubua koo na kulifanya lijifunge kwa urahisi linapoguswa na mpira wa hewa, na aliyevuta saa moja kabla huingia chumbani na moyo ambao tayari uko mbioni.

Unga ndio unaofichwa kuliko vyote, na sababu yake si ngumu kuijua, kwa kuwa hakuna mtu ambaye jamii yetu imemvua heshima zaidi kuliko yule inayemwita teja. Mwili uliozoea heroini hauitambui mofini kwa kipimo ambacho wengine hutulizwa nacho. Mgonjwa huamka baada ya kushonwa akalia kwa maumivu ya kweli, na muuguzi asiyejua habari zake humdhania kuwa ni mwoga au mlaghai. Kisha arosto huja, yaani mwili kuudai unga ulioukosa: jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na moyo kwenda mbio, dalili ambazo daktari aliyefichwa jambo huweza kuzitafsiri kuwa kidonda kimeingia usaha au utumbo umetoboka. Yako hata baadhi ya madawa ya maumivu ambayo, yakipewa mtu wa namna hiyo, huiamsha arosto papo hapo badala ya kuyatuliza maumivu.

Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwanywesha methadoni watu waliotaka kuuacha unga, na huduma kama hiyo imefika sehemu nyingine za Tanzania, na Kenya pia, Malindi ikiwemo. Watu hao wamefanya jambo la kishujaa, wameitoka hali iliyowaua wenzao wengi, na kila siku huenda kupokea kipimo chao kwa subira. Inasikitisha basi kwamba mtu wa namna hiyo, akipatwa na ngiri au kidole tumbo akalazwa hospitali asikojulikana, huificha hata methadoni yenyewe, ambayo ni dawa aliyopewa na matabibu, kwa kuchelea kwamba atarudishiwa jina lile alilolikimbia. Kumbe daktari wa usingizi akiambiwa, humwendelezea methadoni yake, akamwongezea dawa za maumivu kwa kadiri imfaayo, akauangalia moyo wake kwa hadhari, na mtu akapasuliwa, akapona, akarudi katika kunywa dawa yake bila ya kukosa hata siku moja.

Ama pombe, kosa la watu ni kudhani kwamba inayodhuru ni ile iliyonywewa leo tu. Mlevi wa leo huhitaji dawa ya usingizi pungufu, na mnywaji wa miaka mingi aghalabu huhitaji zaidi. Damu yake huweza kuchelewa kuganda, ini lake limechoka, na jeraha lake hukawia kufunga. Lakini hatari kubwa kwa mnywaji wa kila siku huja pombe inapokatika ghafula, kama inavyokatika kwa kila aliyelazwa wodini. Baina ya siku ya kwanza na ya nne huanza kutetemeka, huona watu wasiokuwapo, huzungumza na waliokufa, hung'oa mipira na bandeji, na wengine hushikwa na degedege. Jamaa waliokaa kandoni mwa kitanda husema kwamba amepandwa na mashetani, na hutafutwa mtu wa kusoma. Na kisomo ni kheri, wala sikikatai, lakini mtu huyo ana maradhi yenye dawa inayojulikana, ambayo angaliweza kupewa mapema kabla hajafikia hali hiyo, laiti angalisema kwamba hunywa kila jioni, na kiasi gani.

Yako na mengine ambayo nitayapitia kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kwamba wavutaji walioacha tumbaku kiasi cha wiki nne kabla ya kupasuliwa hupatwa na madhara machache kuliko wanaoendelea. Basi mwenye kuambiwa tarehe ya mbali anayo fursa asiipoteze. Na wanaume wanaomeza kwa siri vidonge vya kuongeza nguvu za kiume wajue kwamba baadhi yake hulishusha shinikizo la damu, na vikikutana na dawa fulani za moyo hulishusha kwa kiasi cha kuua. Hayo nayo husemwa, pamoja na kila mti shamba unaonywewa nyumbani.

Sasa nauliza: madhali hatari ni hizi, na maisha ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa nini hasemi? Wengi hujibu kwamba ni ujinga, nami sikubaliani nao. Anayeficha aghalabu amepima mambo mawili, akaiona fedheha kuwa ni ya yakini na kifo kuwa ni cha shaka. Tazama mahali anapoulizwa. Ni wodini, kitanda na kitanda baina yake pana nafasi ya kupita mtu mmoja, pazia halipo au limekatika, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi na muda mchache huuliza kwa sauti ya kusikika na wote. Kulia kwake amelala jirani wa mtaa wake. Kushoto amesimama mkwewe aliyeleta uji. Miguuni pake ameketi mama yake ambaye hata sigara hajapata kumwona nayo. Ikiwa ni mwanamke, mambo huwa magumu mara mbili, kwa sababu watu huweza kumwia radhi mwanamume mtafunaji au mnywaji, lakini mwanamke aliyesikiwa akikiri jambo hilo huenda akaachwa na mume, akanyang'anywa watoto, akawa gumzo la mtaa mpaka mwisho wa umri wake. Zaidi ya hao wote, mlangoni huenda amesimama askari aliyemleta majeruhi wa ajali. Mtu aliyeulizwa katika hali hiyo hakuulizwa. Amealikwa ajifedhehi, naye amekataa mwaliko.

Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na maneno yao ni ya kweli. Lakini methali hiyo tumezoea kuitupa juu ya mgonjwa peke yake, kana kwamba kuficha ni kazi ya mtu mmoja, nasi hatujiulizi ni nani aliyeyafanya maradhi hayo yawe ya kufichwa. Daktari aliyemdhihaki mgonjwa mmoja aliyesema kweli amewafundisha kumi wengine kusema uongo, kwa maana habari za hospitali hutembea mtaani kwa kasi kuliko gari la wagonjwa. Na muuguzi aliyetoka zamu akasimulia nyumbani kwake siri ya kitanda fulani amefanya khiyana ambayo gharama yake italipwa na mtu asiyemjua, siku asiyoijua, juu ya meza asiyoiona.

Kwa hiyo nasema kwamba wajibu wa kwanza ni wa mwenye kuuliza. Aulize faraghani, mbali na masikio ya jamaa, hata ikiwa ni kwa kumtoa mgonjwa kidogo ukumbini, au kwa kuwaomba watu wa nyumbani watoke kwa dakika tano. Amwulize kila mtu, mzee wa msikitini na padri, bibi wa kijijini na mwanafunzi, ili asiwepo atakayehisi kwamba amechaguliwa kwa sura yake au kwa nguo zake. Na ndivyo walivyoshauri madaktari wa Marekani wa tiba ya ganzi na maumivu mwaka 2023, kwamba kila mgonjwa anayepewa nusukaputi au ganzi aulizwe habari za bangi bila ya kubagua. Aitangulize sababu kabla ya swali, aseme: nakuuliza haya ili nikupimie dawa zako sawasawa, wala hayatatoka hapa. Asihubiri. Na anapoandika, aandike maneno ya utabibu, yaani kitu gani, kiasi gani na lini, na asiandike maneno ya kuhukumu, kwa kuwa faili hupita mikononi mwa wengi.

Hatukosi ushahidi wa kwamba swali lililoulizwa vizuri huokoa roho. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanywa katika hospitali za miji minane ya dunia, London na Toronto zikiwemo, na pamoja nazo Ifakara ya Tanzania. Watu wa chumba cha upasuaji walipewa orodha fupi ya mambo ya kuulizana na kuhakikishiana kabla ya kisu, wakati wa kisu na baada yake, na vifo vikapungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile husomwa kwa sauti mbele ya wote, na kwa mambo yake ndivyo ipasavyo. Hili letu lahitaji kinyume chake, sauti ya chini na mlango uliofungwa, na wakati wake ni kabla ya mgonjwa kufika mezani. Wala tusidhani kwamba sisi tunao wasaa wa kupuuza. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika kwa wagonjwa zaidi ya 11,000, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wagonjwa wetu hufa baada ya kupasuliwa kwa kadiri ya mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wao ni vijana zaidi na maradhi yao ya awali ni machache. Mahali penye wataalamu wachache na dawa chache, habari ya kweli ni miongoni mwa vifaa vichache visivyonunuliwa.

Ama kuhusu siri, mgonjwa na ajue haki yake. Kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani kilimfunga tabibu asiyatoe aliyoyaona na kuyasikia kwa mgonjwa, na madaktari wa dunia walikithibitisha kifungo hicho katika kiapo chao cha Geneva mwaka 1948. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 huzilinda habari za mgonjwa, na Tanzania nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Sitamdanganya msomaji kwamba siri hiyo haina mpaka hata kidogo, kwa maana mahakama huweza kuamuru. Lakini baina ya mpaka huo na dhana ya watu wengi, kwamba kumwambia daktari ni sawa na kupiga ripoti kituoni, umbali ni mkubwa sana. Daktari anayeitoa siri ya mgonjwa bila ya ruhusa wala amri ya sheria hujitia yeye mwenyewe hatarini, na mgonjwa aliyetendewa hivyo anayo haki ya kushtaki kwa baraza linalowasimamia madaktari.

Ziko hoja mbili za wagonjwa ambazo sina budi kuzijibu. Wa kwanza husema: nikisema, nitaahirishiwa. Huenda, ikiwa jambo si la dharura. Na kuahirishwa kwa siku au wiki kadhaa ni gharama ndogo, hasa kwa mwenye kupasuliwa ngiri au uvimbe usio na haraka. Lakini likiwa la dharura hakuna atakayekurudisha nyumbani. Utapasuliwa vile vile, ila kwa dawa zilizochaguliwa kwa ajili yako. Wa pili husema: nilipasuliwa zamani, nikanyamaza, nikaamka salama. Namjibu kwamba aliyenyamaza na asiamke hayupo kutoa ushahidi wake, na kwamba mwili wa leo, na kipimo cha leo, na dawa za leo, huenda si vile vya siku ile.

Neno moja na liwafikie jamaa na marafiki. Kijana wa bodaboda hugongwa usiku, huletwa hajitambui, na wanaomjua vyema ni wale wenzake wa kijiweni waliombeba, ambao wanajua kwamba tangu alasiri alikuwa akitafuna muguka, aina ya mirungi, na kuisindikiza kwa kinywaji kikali. Wakiondoka kimya kwa kumlinda heshima, wameilinda heshima ya mtu wakaiacha roho yake bila mlinzi. Na mmoja wao amfuate daktari kandoni, amwambie kwa maneno machache alichokula mwenzao na saa aliyokula, kisha aende zake. Huo ndio urafiki.

Basi wewe uliyepangiwa siku ya kupasuliwa, mwombe daktari wa usingizi dakika tano za faragha, nawe unayo haki ya kuziomba. Mwambie unatumia kitu gani, kwa kiasi gani, kwa kuvuta au kwa kudunga au kwa kumeza, mara ya mwisho ilikuwa lini, na hali gani hukupata unapokikosa. Ikiwa wanywa pombe kila siku, au watumia methadoni au vidonge vya usingizi, usiviache ghafula kwa shauri lako mwenyewe; mwulize yeye kwanza. Na wewe tabibu, unapoambiwa hayo, yapokee kwa uso ule ule unaopokea nao habari za sukari na pumu. Mgonjwa na aseme yote, tabibu na asitiri yote. Na hospitali isiyo na chumba chenye mlango wa kufungwa kwa ajili ya mazungumzo hayo, kabla haijamlaumu mgonjwa wake kwa kuficha, na ianze kwa kukitafuta chumba hicho.